Umeme Ukirudi Usiku, Nani Atamlaza Mtoto?

Ziwa Tshangalele, linalowalisha wavuvi wa Kapolowe hapa Katanga, Kongo, ni maji yaliyozuiwa. Mwaka 1930 kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliuziba mto Lufira pale Mwadingusha ili ipate umeme wa viwanda vyake vya shaba, na bonde zima likageuka ziwa. Kituo hicho cha umeme bado kinafanya kazi. Kimekarabatiwa kwa fedha za mradi wa shaba wa Kamoa-Kakula, ulioko upande wa Kolwezi, ambao kwa makubaliano na SNEL, shirika la umeme la taifa, unapata umeme wa kuendeshea mgodi wake. Mwaka 2021 mashine sita za kituo hicho zilifika megawati 78. Nyaya nene zinapita juu ya mashamba ya mahindi na muhogo. Chini yake ziko nyumba ambazo hazijawahi kuunganishwa, na nyingine ambazo umeme huja na kuondoka bila kuaga.

Ndiyo maana habari ya watoto wadogo na televisheni, hapa Kapolowe, haiwezi kuanzia pale inapoanzia Paris au Nairobi, yaani kwenye swali la saa ngapi kwa siku. Hapa saa zinapangwa na delestaji, yaani mgao wa umeme. Mchana mzima kioo kiko cheusi, kimefunikwa kitambaa cha kufuma, na mtoto anacheza uani na wenzake. Halafu umeme unarudi saa mbili au saa tatu usiku, watoto wa mtaa mzima wanapiga kelele ya furaha, na kila aliye na tele anaiwasha kana kwamba anadai deni. Wenye sola ndogo juu ya bati na betri ya gari hawasubiri sana, lakini nao huwasha jioni, betri ikishakunywa jua la kutosha.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mwezi wa Aprili 2019: mtoto aliye chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya kioo kabisa, wa miaka miwili hadi minne asipitishe saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Mwongozo huohuo unataka mtoto wa umri huo wa pili ajisogeze, akimbie na kuruka kwa jumla ya dakika 180 kwa siku. Niliposoma hilo la dakika 180 nilicheka kidogo. Mtoto wa Kapolowe wa miaka mitatu anazimaliza kabla ya saa nne asubuhi, akifukuzana na kuku na kumfuata dada yake bombani. Mwongozo ulikuwa na hofu ya unene na ya watoto waliokwama kwenye viti. Hofu hiyo si yetu, na mzazi wa hapa akiisoma karatasi hiyo kwa haraka anaweza kudhani kwamba haimhusu.

Lakini kuna mstari mwingine ndani yake unaomhusu sana. Mtoto wa mwaka mmoja au miwili anahitaji saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku nzima, ule wa mchana ukiwemo. Wa miaka mitatu au minne anahitaji saa 10 hadi 13. Sasa piga hesabu. Umeme umerudi saa tatu usiku. Filamu imeanza, imekatika, imeanza tena. Saa sita bado sauti iko juu. Alfajiri mama anaondoka kwenda kupokea samaki ziwani, na nyumba yote inaamka naye. Mtoto amepata saa tano au sita tu za kulala, na huo ndio usingizi wake, pengine na kipande cha mchana mgongoni mwa dada yake.

Washauri wa Ulaya wanasema tele isiwekwe kwenye chumba cha kulala cha mtoto. Ni shauri zuri kwa mwenye chumba cha kulala cha mtoto. Katika nyumba nyingi za huku kuna chumba cha wazazi na kuna saluni, yaani sebule, na saluni ikifika usiku inageuka kuwa chumba cha watoto: meza inasukumwa ukutani, mkeka unatandikwa, godoro la sifongo linawekwa juu yake. Tele iko hapohapo. Mtoto hajapelekwa kwenye tele. Tele ndiyo iko kitandani kwake. Nimeona wazazi waliopata njia ya katikati: mdogo analazwa kwanza kwenye kitanda cha wazazi, mlango unafungwa, kisha filamu ikiisha baba anambeba na kumrudisha mkekani. Hakuna kitabu kilichowafundisha. Ni kazi ya kuchosha, na mgongo wa baba haumshukuru, lakini mtoto analala.

Jambo la pili, ambalo mimi naliona ni zito kuliko la usingizi, nilikutana nalo kwenye nyumba moja si mbali na kituo cha treni, Kapolowe-Gare. Mwenye nyumba ni muuza samaki. Siku hiyo umeme ulikuwepo mchana, jambo la nadra, na tele ilikuwa inawaka kwa sauti kubwa: katuni za Kifaransa. Mtoto wake wa mwisho, wa miaka mitatu, alikuwa amekaa chini, shingo imenyooka juu, mdomo wazi.

“Papa, huyu anajua Kifaransa juu ya tele,” mama akaniambia, na fahari yake ilikuwa dhahiri. Akamwita mtoto ahesabu. Mtoto akahesabu kwa Kifaransa mpaka kumi bila kukosea hata moja, kwa sauti ileile ya kuimba ya katuni, kisha akarudisha macho kwenye kioo. Pembeni kulikuwa na ungo wa samaki wakavu wadogo. Mama akamsogezea: “Nipe tatu.” Mtoto akachota kwa kiganja, akampa kama saba au wanane hivi, akageuka. Mama akacheka, nami nikacheka.

Sitaki kumwonea mtoto. Wengi wa miaka mitatu bado hawajajua kwamba namba ya mwisho kutajwa ndiyo jumla ya vitu. Hilo huja baadaye kidogo, kwa Kifaransa, Kiswahili au Kisanga. Ninachotaka kusema ni kwamba wimbo wa namba na namba zenyewe ni vitu viwili, na tele humpa mtoto mdogo cha kwanza kwa urahisi sana. Cha pili kilipatikana pale kwenye ungo, katika zile sekunde chache ambazo mama alinyoosha mkono na kudai samaki watatu. Kama angeendelea, kama angesema “hapana, hawa ni wengi, moja, mbili, tatu, wengine rudisha,” mtoto angekuwa shuleni bila kuvaa yunifomu. Hakuendelea, kwa sababu tele ilikuwa inapiga kelele na macho ya mtoto yalikuwa yameshamkimbia.

Yuko mtafiti wa Chuo Kikuu cha Washington huko Seattle, Patricia Kuhl, ambaye mwaka 2003 pamoja na wenzake alichapisha jaribio linalopaswa kujulikana na kila mzazi anayelipia bukeo, yaani kifurushi cha chaneli za Kifaransa, ili mtoto awahi lugha. Walichukua watoto wa Kimarekani wa miezi tisa. Kundi moja lilikaa na watu waliowasomea vitabu na kucheza nao kwa Kichina, mara 12 kwa jumla. Kundi jingine lilipewa watu walewale na Kichina kilekile, lakini kwenye video. Mwisho wa yote wakapimwa kama wanatofautisha sauti za Kichina. Waliokaa na watu walizitofautisha vizuri. Waliotazama video walikuwa sawa na watoto ambao hawakusikia Kichina hata siku moja. Sauti ni ileile, sura ni ileile. Kilichokosekana ni mtu anayekutazama, anayesubiri ujibu, anayebadilisha neno akiona hujaelewa.

Naelewa wasiwasi wa Kifaransa. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inasema miaka ya mwanzo ya shule ya msingi mtoto afundishwe kwa lugha ya taifa ya eneo lake, na kwetu hiyo ni Kiswahili. Wazazi wanajua hata hivyo kwamba mitihani mikubwa na barua za kazi za migodini ni Kifaransa, na tangu elimu ya msingi ya serikali itangazwe kuwa ya bure mwaka 2019 madarasa yamefurika, mwalimu hamfikii kila mtoto. Mama anayetegemea katuni anajaribu kumtangulizia mwanawe hatua moja. Tatizo ni kwamba kwa mtoto wa umri ule hatua hiyo haipitii kwenye kioo. Inapitia kwenye lugha ambayo mama mwenyewe anaimudu vizuri, ile anayoitumia kubishana bei ya samaki, na nyingine ya nkambo, yaani bibi au babu, kama yupo nyumbani. Mtoto mwenye maneno mengi katika lugha moja hupata pa kuyatundikia ya lugha ya pili.

Na hapo ndipo tele inapochukua kitu bila mtu kuona. Mwaka 2009 Dimitri Christakis na wenzake, nao wa Seattle, walichapisha utafiti ambamo watoto wa miezi miwili hadi miaka minne walivalishwa vifaa vidogo vya kurekodi sauti siku nzima. Kila saa moja ya televisheni inayosikika nyumbani ilikwenda pamoja na upungufu wa maneno kama 770 ambayo mtoto aliyasikia kutoka kwa watu wazima. Angalia vizuri: hapa hatusemi juu ya anachokitazama mtoto. Tunasema juu ya tele iliyowashwa tu, pengine kwa ajili ya baba na habari zake. Mwaka mmoja kabla, Marie Evans Schmidt na wenzake walikuwa wameona kwamba watoto wa mwaka mmoja hadi mitatu, wakicheza chini huku tele ya watu wazima ikiwaka pembeni, hawaitazami sana, lakini mchezo wao unakatikakatika. Wanaacha kitu hiki, wanashika kile, hawamalizi.

Mtu anaweza kusema: huko Marekani mtoto yuko na mama yake tu ndani ya nyumba, mama akinyamaza basi kimya. Sisi tuna uani. Kuna shangazi, kuna jirani anayesuka nywele, kuna yaya wa miaka kumi mwenye mdomo kuliko redio. Ni kweli, na kwa sehemu kubwa ya mchana uani ndio mwalimu bora kuliko saluni yoyote. Lakini tele ya huku ina tabia moja ambayo tele ya Seattle haina: inakusanya. Ikiwashwa, uani unahamia ndani. Watoto wa jirani wanaingia mmoja mmoja, wanakaa chini mbele, pengine kumi na zaidi, na sharti la kubaki ni moja tu: kunyamaza. Anayeuliza swali anapigwa kikumbo na wakubwa. Anayerudia kuuliza anatolewa nje. Watoto walewale ambao dakika tano nyuma walikuwa wanabishana nani kaiba mpira, sasa wako kimya kama kanisani. Kila mara nikiona umati ule wa vichwa vidogo, naona maneno mangapi yamezimwa kwa pamoja.

Nisije nikaonekana najifanya nyumba bila tele ilikuwa chuo cha hekima. Watu wanapenda kusimulia habari za nkambo na hadithi motoni kila jioni. Jioni nyingi nkambo alikuwa amechoka, akasinzia. Na mama wa leo ana sababu za maana za kuwasha tele. Mbabula yenye makaa iko mlangoni, chungu cha bukari, ugali wetu, kinachemka juu yake. Barabara ya Lubumbashi na Likasi ina malori ya madini yasiyojua breki. Ziwa nalo liko palepale. Mtoto aliyekaa mbele ya katuni nusu saa hajaungua, hajagongwa, hajazama. Mwanamke aliye peke yake na watoto wanne anajua hesabu hiyo kuliko daktari yeyote, na nusu saa hiyo mimi simnyimi. Ninachomwomba ni kwamba bukari ikiiva, tele izimwe wakati wa kula. Ugomvi wangu uko na ile tele inayowashwa kwa sababu tu umeme umekuja, na kuzimwa kwa sababu tu umeme umekwenda.

Liko jambo jingine ambalo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hauwezi kuligusa, kwa kuwa ni la kwetu. Bukeo likiisha watu hawakai bila filamu. Wananunua flashi au kadi ya simu iliyojazwa kwenye kibanda, na muuzaji anajaza anachokijua: ngumi za Kichina, muziki, na filamu za Nijeria zenye uchawi, zilizotiwa sauti ya Lingala au Kifaransa. Mtoto anazitazama na wakubwa wake. Anaona mtoto mwenzake kwenye kioo anageuka nyoka, anakula nyama ya watu usiku, anamroga baba asipate kazi. Usiku anapiga kelele usingizini, anakojoa mkekani, hataki kwenda nje gizani.

Mahali pengine hiyo huitwa ndoto mbaya na inapita. Katika Kongo yetu, ambako tangu miaka ya 1990 watoto wengi wamefukuzwa nyumbani kwa kuitwa ndoki, yaani wachawi, mtu anaweza kuisoma vingine. Yuko shangazi atakayeuliza mtoto huyu usiku anakwenda wapi. Yuko mchungaji atakayesema aletwe aombewe, afungishwe chakula siku tatu. Na mtoto wa miaka minne akibanwa aseme aliota nini, ataeleza kile alichokiona kwenye filamu, kwa sababu ndicho alichonacho kichwani: nyoka, nyama, kuruka usiku. Maneno ya mwigizaji yanakuwa ungamo la mtoto. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamwadhibu anayemshtaki mtoto kwa uchawi. Ibara ya 160 inasema hivyo wazi. Sijui ni wazazi wangapi wanaoisikia sheria hiyo ikitajwa, lakini najua filamu hizo zinauzwa karibu na kila kituo cha basi, na hakuna anayeuliza mtoto wa umri gani amekaa chini mbele. Kama kuna kitu kimoja cha kutoa kwenye flashi kabla ya vingine vyote, ni hicho.

Wakubwa wa Katanga wanakumbuka kwamba tele yetu haikuanza hivi. Televisheni ya taifa ilianzishwa Kinshasa mwezi wa Novemba 1966, wakati Tanzania bara ilisubiri mpaka 1994. Kwa miaka mingi habari za jioni zilifunguliwa kwa sura ya Mobutu akishuka kutoka mawinguni, na hakuna aliyejali watoto wadogo wanaelewa nini hapo. Lakini Lubumbashi kulikuwa pia na Mufwankolo na kundi lake, waliocheza michezo ya kuigiza kwa Kiswahili cha hapahapa, Kiswahili cha uani. Mwaka 1986 walitengeneza mchezo juu ya madaraka, ukapigwa picha kwa ajili ya televisheni katika kijiji cha Kawama, na mwanaanthropolojia Johannes Fabian akauandikia kitabu kizima kilichotoka mwaka 1990. Kitu ninachokipenda katika michezo ya namna ile ni kwamba haiwezi kutazamwa kwa kimya. Watu wazima wanabisha, wanacheka, wanamtukana chifu mbaya, mtoto anauliza “huyu njo nani?” na watu watatu wanamjibu kwa wakati mmoja. Hakuna anayemwambia anyamaze, kwa sababu hakuna aliyenyamaza.

Watafiti wa leo wana ushahidi wa upande huo pia. Shirika la Ubongo la Dar es Salaam linatengeneza katuni kwa Kiswahili. Katika moja yao, Akili and Me, msichana wa miaka minne anaishi na familia yake chini ya Kilimanjaro, na ndotoni hujifunza na rafiki zake wanyama. Dina Borzekowski wa Chuo Kikuu cha Maryland aliwapima watoto wa Morogoro, na waliotazama katuni hizo walifanya vizuri kuliko wenzao katika mambo kama kuhesabu, kutambua maumbo na kuchora. Hao walikuwa watoto wa umri wa shule ya awali, si wa miezi tisa, na kipindi kilitengenezwa kwa ajili yao, polepole, kikiwaacha wajibu.

Katuni hizo ziko kwenye intaneti bila malipo. Muuzaji wa kibanda anayejua kupakua filamu ya ngumi anajua kupakua na hizi, akiombwa; pesa ni ileile na kadi ni ileile. Kiswahili chake si cha Katanga, na baadhi ya maneno mtoto wa Kapolowe hatayapata. Atamvuta mama nguo amuulize. Mama naye, aliyekaa kando akipara samaki, hajawahi kuuona mlima huo, na itabidi amwambie mtoto kitu fulani juu yake: kwamba ni mrefu kuliko nguzo za umeme, kwamba juu kuna baridi kama ya jokofu la samaki. Mtoto atakuwa na swali jingine, hilo ni hakika, na kipindi kitapita bila wao kukitazama.